UZI: Oktoba na watoto wadogo ughaibuni: majani, maboga na usiku wa hodi

Mleta uzi

Wanajamvi, habari za wakati huu.

Nimeona niuweke uzi huu mapema, maana kila mwaka ikifika tarehe 25 Oktoba hivi, makundi yetu ya WhatsApp huku ughaibuni yanawaka moto kuhusu Halloween, ule usiku wa tarehe 31 Oktoba ambapo watoto wanavaa mavazi ya kuigiza na kugonga milango ya majirani wapewe pipi, na watu wanachonga maboga yawe na nyuso. Ni ya shetani, si ya shetani, mtoto aende, mtoto asiende. Wanaobishana ni watu wazima. Mtoto wa miaka mitatu yuko dirishani, anaangalia boga la jirani, na anachotaka kujua ni kwa nini lina macho.

Mimi ni mama wa wawili, binti wa miaka 6 na wa kiume wa miaka 3. Kwetu ni Morogoro, ila mwaka wa saba sasa tunaishi St. Paul, Minnesota. Mume wangu anafanya kazi ya zamu, kwa hiyo jioni nyingi ni mimi na watoto, giza likiingia mapema zaidi kila siku. Nitaeleza tunavyoupitisha mwezi huu. Nitaandika kwa vipande watoto wakishalala, na wenye uzoefu mwongezee.

Kubwa ninalotaka kusema nalitanguliza. Huku Marekani mlango wa jirani haubishwi hivihivi. Unapiga simu kwanza, mnapanga siku, mnapanga saa. Lakini upo usiku mmoja katika mwaka ambapo mtaa mzima unawasha taa za barazani na kukaa ukiwasubiri watoto wa watu wapige hodi. Sisi tuliokulia kwenye "hodi" na "karibu", usiku huo tunauelewa kuliko tunavyodhani. Mafuvu, damu za rangi na mizimu ya plastiki unaweza kuviacha vyote dukani, na hodi ikabaki palepale.

Naanza na majira yenyewe.

Mleta uzi

Kamusi inayaita majira haya vuli. Neno hilo nawafundisha wanangu, lakini nawaeleza pia kwamba vuli ya bibi yao ni mvua, zile za kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Miezi ni ileile. Bibi akipiga simu anasema mvua zimegusa, watu wanapanda. Sisi tunageuza kamera kumwonyesha mti mwekundu ulio mbele ya nyumba.

Binti yangu alipokuwa na miaka mitatu alimwambia kwenye simu, "Bibi, miti imeiva." Mama akanyamaza kidogo, halafu akasema ni kweli, kitu kilikuwa kijani kikawa njano kisha chekundu, kimeiva hicho. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu miti haibadiliki rangi, inaiva.

Mwaka jana aliniuliza inaivaje, ikabidi nijielimishe. Ukijani wa jani unatokana na klorofili, ambayo mti unaitengeneza muda wote jua likiwa jingi. Siku zikifupika na ubaridi ukaingia, mti unaacha kuitengeneza na iliyopo inavunjika. Njano ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa tu. Nyekundu ni habari nyingine: ile inatengenezwa upya mwishoni kabisa, kwa sukari iliyobaki kwenye jani. Ndiyo maana mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa wa baridi isiyogandisha, mti wa mepo (ule wenye jani la kwenye bendera ya Kanada) unawaka kama moto. Kwa mtoto nilifupisha: njano ilijificha, nyekundu ni mpya. Akatoka nje kutafuta jani lenye zote mbili, akalipata.

Tunachofanya na majani hakihitaji hela. Kila mmoja ana reki yake, ya mdogo ni ya plastiki na fupi. Tunakusanya lundo, nalikagua kwa mkono kwanza nitoe vijiti na uchafu wa mbwa, kisha wanaruka. Wakichoka wanachagua majani 5 kila mmoja, si zaidi, la sivyo nyumba inajaa. Tunayabana ndani ya kamusi kubwa, gazeti juu na gazeti chini, kwa sababu jani bichi linatoa maji na kuharibu kurasa. Baada ya wiki moja yako bapa na rangi yake haijapotea. Tunayabandika kwenye kioo cha dirisha la jikoni, na jua la asubuhi likipita hapo wanakunywa uji wanayaangalia.

Mengine yanaenda kwenye mifuko ya karatasi. Kaunti yetu ya Ramsey ina vituo vya kupokea majani bila malipo, na kwa mtoto wa miaka mitatu safari ya kwenda kumwaga majani ni matembezi tosha ya Jumamosi.

Kabla Oktoba haijafika katikati, mkipata nafasi nendeni mashambani kuchuma matufaha. Minnesota ndiko lilikotoka tufaha la Honeycrisp. Chuo Kikuu cha Minnesota ndicho kilicholizalisha, na wakulima walianza kulipata mwaka 1991. Mchukue mtoto mdogo asubuhi kabla ya usingizi wake wa mchana, na mfundishe kulizungusha tunda badala ya kulivuta, maana akivuta anang'oa na kitawi. Mengine tunayachemsha na mdalasini, tangawizi na karafuu mbili tatu, tunachuja, tunakunywa ya moto. Nilipofika nchi hii nilishangaa Oktoba kila duka la kahawa linanukia jikoni kwa shangazi. Ile harufu wanayoiita ya boga, boga halina harufu hiyo. Ni mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Wanangu wanajua kwamba Pemba ndiko karafuu zinakoanikwa barabarani.

mama_pacha

Asante sana dada, endelea. Mimi niko Worcester, Massachusetts, pacha wangu wana miaka minne. Swali langu ni la boga. Mwaka jana nilinunua lile kubwa la mlangoni. Baada ya sherehe nikasema nisitupe chakula, nikalipika la nazi. Likawa maji matupu, halina ladha, nyuzi tupu. Nilikosea wapi?

Mleta uzi

Hukukosea kupika, mama. Ulikosea boga tu, na hata mimi nilianzia hapohapo. Lile kubwa la kuchonga limezalishwa kwa umbo. Ukuta wake ni mwembamba, nyama yake ina nyuzi na maji. Tena likishachongwa na kukaa nje siku kadhaa si chakula tena, usilipike. Kwa la nazi tafuta yale madogo ya mviringo yanayouzwa kwa ajili ya kuoka, au lile refu la rangi ya maziwa wanaloliita butternut. Hilo la pili ndilo lililo karibu kabisa na boga letu. Lichemshe kwa maji kidogo sana, maana lenyewe linatoa maji. Likiiva weka tui zito, iliki, chumvi kidogo, na sukari onja kwanza kabla hujaweka.

Sasa kuchonga.

Mwaka wa kwanza tulichonga tarehe 12 Oktoba kwa sababu binti alikuwa amelia dukani nikamkubalia. Kufikia tarehe 20 boga limeota ukungu ndani, mdomo umeanguka, na kuchakuro wamelitafuna jicho moja mpaka limekuwa shimo. Alilia mara mbili: alilia kulipata, akalia kulitupa. Siku hizi boga linanunuliwa mapema lakini linakaa zima. Boga zima linavumilia wiki kadhaa, lililochongwa ni siku chache tu. Wiki zote hizo watoto wanalipamba kwa rangi na stika, wanalipa jina, wanaliambia usiku mwema. Kisu kinaguswa tarehe 29 au 30.

Kwenye kisu mtoto hayumo. Anachora uso kwa kalamu ya wino, mimi nafuata mistari yake hata kama jicho limekaa shavuni. Kazi yao ni ya ndani. Natandaza gazeti sakafuni jikoni, nakata kifuniko kwa kulaza kisu ili kisije kikatumbukia ndani, halafu nawaachia. Wa kiume mwaka jana alikuwa na miaka miwili. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa na zile nyuzi za njano zimening'inia, akauangalia mkono wake kwa muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akaurudisha. Hapo nilipata dakika 40 za utulivu, mama yeyote anajua thamani yake. Kijiko kizuri cha kukwangulia ni kile cha kuchotea aiskrimu, kinashika vizuri kwenye kiganja kidogo.

Ndani tunaweka mshumaa wa betri. Wa moto sitaki, mavazi ya watoto yanashika moto haraka na wao wanapenda kuinama kuchungulia.

Mbegu msitupe. Osheni, zianikeni usiku kucha kwenye taulo, changanyeni na mafuta kidogo na chumvi, tieni kwenye oveni ya nyuzi 160 za Selsiasi dakika 20 hivi mkizigeuza mara moja. Ila huyu wangu wa miaka mitatu simpi mbegu nzima, zinaweza kumpalia.

mwana_Bukavu

Mama, habari. Mbegu izo sisi Wakongo tunaziita mbika. Kwa mutoto mudogo zitwange zikuwe unga, changanya na kitunguu na yai, funga ndani ya jani la ndizi ao karatasi ya alumini, pika polepole. Banakula bote, hakuna wa kupaliwa. Minaishi Ohio, mwezi wa kumi mimi naomba majirani mbegu zao, wao banatupaka.

Mleta uzi

Ubarikiwe sana ndugu yangu. Hiyo nitaifanya wiki hii hii.

BabaSalma

Assalaam alaykum na habari zenu wote. Uzi mzuri, nimeusoma mpaka hapa. Mimi niko Columbus na familia. Kwa upande wetu Halloween hatusherehekei, na hilo nimeshalikata, si kwa kumhukumu mtu. Lakini nina binti wa miaka mitano, shuleni wenzake wote wanaongelea mavazi. Dada, wewe unalitazamaje suala la dini?

Mleta uzi

Waalaykum salaam kaka. Nakujibu kwa heshima, kila nyumba ina mwenye nyumba.

Historia yake kwa kifupi: Waselti wa Ireland na jirani zao walikuwa na sikukuu ya Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa kipindi cha baridi, na waliamini usiku huo wafu wanakaribia. Kanisa likaja kuwa na Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na jina Halloween kwa asili yake maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Waayalandi walikuwa wakichonga tanipu (zao la mizizi) na kuweka taa ndani. Walipohamia Marekani kwa wingi karne ya 19 wakakuta boga, zao la huku huku, kubwa na laini kuchonga. Kwa hiyo ndani yake kuna imani ya kale, kuna Ukristo na kuna uhamiaji. Anayeiona ya kwanza tu ana haki, na anayeziona zote tatu pia ana haki. (Walutheri nao wana lao tarehe 31 hiyohiyo, kumbukumbu ya Matengenezo ya 1517. Hapa Minnesota walivyo wengi, makanisa kadhaa yanaadhimisha.)

Sisi ni Wakatoliki. Nyumbani kwangu hakuna vazi la shetani, hakuna jeneza, hakuna damu. Tarehe 1 tunakwenda misa. Tarehe 2, siku ya Marehemu, tunawasha mshumaa na kumtaja babu yao kwa jina. Watoto wanajua kwamba waliotutangulia tunawaombea, hatuwaogopi.

Kwako kaka, kama umeamua hapana, desturi ya huku inakulinda: zima taa ya barazani na hakuna mtoto atakayegonga. Ila jioni hiyo isiwe ya adhabu kwa Salma. Mfanyie kitu chake.

BabaSalma

Nimekuelewa vizuri. Huwa tunazima taa kama ulivyosema. Na kitu chake kipo: mke wangu anapika boga la nazi kama la futari, tunakula chini kwenye mkeka, halafu tunatoka uani na tochi kuangalia nyota. Binti anaita "usiku wa mkeka". Hilo la majani kwenye kamusi nalichukua.

Mleta uzi

Usiku wa mkeka, nimelipenda mno jina hilo.

Sasa mavazi, na hapa nasema na wa majimbo ya baridi. Mwaka ambao binti alitoka kwa mara ya kwanza alikuwa na miaka mitatu. Nilitaka kumnunulia gauni la malkia, nikalishika dukani, kitambaa chepesi kama chandarua. Juu yake ningelazimika kumvisha koti, na gauni lisingeonekana. Nikarudi nyumbani, nikatoa kanga ya mama yangu. Nikamvisha koti zito, suruali mbili, kofia ya sufu, halafu kanga juu ya vyote, moja kiunoni na moja mabegani, na kikapu kidogo mkononi. Amekuwa bibi. Kanga inafunga juu ya koti la aina yoyote, haimkwazi miguuni ukiikunja juu ya kifundo, na akichoka unambeba mgongoni kwa kanga hiyohiyo.

Barakoa simvishi mtoto mdogo. Haoni pembeni, anajikwaa. Rangi kidogo usoni inatosha.

Jua la St. Paul tarehe 31 Oktoba linazama karibu saa kumi na mbili jioni, sawasawa na kwetu. Mwezi Juni linazama saa tatu usiku, na kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba wakirudisha saa nyuma, linazama kabla ya saa kumi na moja. Kwa hiyo wiki hiyo ya mwisho ya Oktoba giza linaingia kwa saa ya nyumbani. Mimi huwa nasimama tu barazani kulitazama.

Mleta uzi

Usiku wenyewe.

Wiki mbili kabla tunafanya mazoezi ndani. Mmoja anakaa chumbani na bakuli, mwingine anagonga mlango, anasema maneno yake, anapewa kipande cha tunda, anashukuru, anaondoka. Mtoto mdogo asipofanya mazoezi anafika mlangoni kwa mtu asiyemjua, anaganda, au anaingia moja kwa moja mpaka sebuleni. Mwaka ule wa kwanza mazoezi tulifanya kwa Kiswahili, sikuwaza mbali. Tukavuka barabara kwa mzee anayeishi mkabala na sisi. Tulikuwa tumekaa pale miezi kadhaa, tunapungiana mikono tu, jina lake silijui. Mlango ukafunguliwa, binti yangu akayasahau maneno ya Kiingereza, akasema kwa sauti yote aliyonayo, "HODI!"

Mzee akaniangalia. Nikamweleza kwamba kwetu hakuna anayeingia bila kusema hivyo, na mwenye nyumba naye ana neno lake la kujibu. Akaniomba nimtajie. Nikamwambia. Akainama mpaka usawa wa binti, magoti yakamsumbua kidogo, akasema, "Ka-ri-bu." Binti akachukua pipi moja. Akamwambia achukue nyingine.

Halafu akaona koti chini ya kanga, akacheka, akasema sisi tutaiweza Minnesota. Akanisimulia Halloween ya mwaka 1991. Theluji ilianza kuanguka siku hiyo watoto wakiwa barabarani na mavazi yao, na haikukatika kwa siku tatu. Baadaye nilikuta kila mtu mzima wa hapa ana simulizi yake ya siku ile. Miji hii miwili, Minneapolis na St. Paul, ilipata zaidi ya sentimita 70, na Duluth zaidi ya 90. Yeye watoto wake walikuwa wadogo wakati huo. Alisema alimbeba wa mwisho begani akiwa amevaa masikio ya sungura, na masikio yalijaa theluji.

Tulisimama pale labda dakika kumi. Mwaka uliofuata alitusubiri. Binti hakuwa hata amemaliza kupanda ngazi, akasikia "karibu" kutoka ndani.

mama_pacha

Nimesoma hapa machozi yananilenga. Mimi mwaka wa nne jirani simjui.

Dada, pacha mmoja ni mwoga sana wa vile vitu vya kutisha vinavyowekwa nje. Unafanyaje?

Mleta uzi

Pole, na usimlazimishe. Binti yangu mwaka uleule alipita kwenye nyumba moja ya kona. Pana mifupa ya plastiki imesimama karibu na njia, ukipita inawaka macho na kupiga kelele. Alinikwea mwilini kama ngazi. Usiku tatu mfululizo aliamka akilia.

Siku ya nne nikampeleka mchana, jua linawaka. Nikamgongea mwenye nyumba nikamweleza. Alisikitika sana, akatoka na soksi tu. Akaigeuza ile mifupa, akafungua kifuniko cha mgongoni, akamwonyesha binti betri tatu. Akazitoa, akampa azishike. Akamwambia azirudishe mwenyewe. Binti akabonyeza swichi, macho yakawaka, akabonyeza tena, yakazima. Alibonyeza labda mara ishirini, na yule bwana alisubiri bila haraka. Usiku huo alilala.

Tangu hapo tunapita njia yote mchana kabla ya siku yenyewe. Tunaangalia nyumba ipi ina nini, naye anachagua nyumba za kwenda. Nyumba sita au saba kwa mtoto wa chini ya miaka mitano zinatosha. Tunatoka bado kuna mwanga na saa moja na nusu tumeshaingia ndani.

Usalama naweka kwa ufupi lakini msiupuuze. Hatari kubwa ya usiku ule ni magari. Kuna utafiti wa takwimu za Marekani za miaka 42, uliochapishwa kwenye jarida la JAMA Pediatrics, ulioonyesha kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kugongwa na kufa jioni ya Halloween iko juu kwa asilimia 43 kulinganisha na jioni za kawaida za kipindi hicho. Bandikeni utepe unaong'aa mgongoni kwa mtoto, mshikeni mkono, vukeni kwenye kona.

Pipi: mtoto wa chini ya miaka minne asipewe pipi ngumu, karanga nzima wala bisi, zinapalia. Sisi tunamwaga zote mezani tukirudi, tunazipanga kwa rangi, na kupanga kwenyewe ni mchezo wa nusu saa. Kila mmoja anachagua 3 za usiku huo. Zinazobaki zinaingia kwenye kopo la juu, moja kila siku baada ya chakula. Na mkiona boga limepakwa rangi ya buluu yenye ukijani mlangoni, maana yake nyumba hiyo ina vitu visivyo vya kula, kama stika au kalamu, kwa ajili ya watoto wenye mzio wa vyakula. Desturi hiyo ilienea nchi nzima kuanzia 2014. Nasi tunaweka bakuli la pili la stika, na hata wasio na mzio wanazigombania.

msafiri_Dublin

Salaam kutoka kwenye chimbuko lenyewe. Hapa Ireland shule zinafungwa wiki nzima kwa ajili hii. Kuna mkate wao wa zabibu unaitwa barmbrack, ndani wanaficha pete, atakayeikuta kwenye kipande chake wanasema ataoa au kuolewa. Wanangu nawawekea pete kubwa iliyofungwa kwenye karatasi ya kuokea, na nawakatia mwenyewe ili wasije wakameza. Swali kwa mleta uzi: sisi tuko ghorofa ya nne, hakuna baraza wala uani. Hodi inapigwa wapi?

Mleta uzi

Kaka, tulianzia ghorofani na sisi. Wiki moja kabla niliandika vikaratasi vidogo, nikavipitisha chini ya milango ya korido yetu: tuna mtoto mdogo, kama ungependa agonge kwako tarehe 31 bandika jani hili mlangoni. Na kila karatasi niliiambatanisha na jani moja la mepo. Milango 11. Majani yalibandikwa manne. Mmoja alikuwa dada wa Kisomali aliyetutolea sambusa. Milango minne kwa mtoto wa miaka miwili ni safari kubwa, na hakuna gari la kumgonga.

Kesho tunachonga. Nitaleta mrejesho.

Mleta uzi: MREJESHO

Wadau, leo ni tarehe 1, tumetoka misa.

Jana binti alitoka na kikapu, mwaka huu ameamua ni muuza matufaha wa Lushoto. Alikwenda nyumba tisa. Wa kiume alivaa kanga ya bibi, zamu yake sasa, akafika nyumba ya tatu, akasema amechoka. Nilimrudisha, nikamkalisha kwenye ngazi za mlangoni kwetu na blanketi na bakuli la pipi. Hapo ndipo alipokuwa anapataka tangu mwanzo. Kila mtoto aliyekuja, hata kabla hajasema kitu, alimwambia "karibu" na kumpa moja kwa mkono. Mzee wa mkabala alivuka na fimbo yake, akapiga hodi kutoka kwenye geti, naye akapewa yake.

Saa moja na nusu pipi zikaisha. Aligoma kuingia ndani. Akashuka kwenye lundo letu la majani, akajaza bakuli, akarudi kukaa. Akaja msichana mkubwa, labda wa miaka kumi na miwili, amevaa kama rubani. Akampa jani. Msichana akalishika kwenye taa ya baraza akalitazama, akasema asante, akalichomeka kwenye mfuko wa shati lake, upande wa moyo, akaenda zake nyumba inayofuata.